Meli inatia nanga Maskati siku moja tu: twende jangwani au tubaki mjini?

Binti_Makunduchi: Asalaam aleikum wanajamvi. Mwezi wa kumi na mbili tunapanda meli ya kitalii kutoka Dubai, na siku moja itatia nanga Maskati. Melini wanauza ziara mbili: moja ya kwenda Wahiba kwenye mchanga, nyingine ya mjini, yaani msikiti mkubwa, soko la Matrah na kasri la Al Alam. Natakiwa kulipa kabla ya Jumapili. Mngekuwa nyinyi mngechukua ipi?

Mzee_wa_Kusi: Waaleikum salaam. Mwanangu, hujatuambia kitu. Meli inafika saa ngapi na inaondoka saa ngapi? Siku gani? Uko na nani?

Shemeji_wa_Nizwa: Achaneni na zote mbili, nendeni Nizwa! Kama ni Ijumaa ndiyo mnada wa mifugo: mbuzi wanazungushwa kwa kamba, wanunuzi wamekaa duara wanawapapasa mgongo, mmoja anapiga kelele bei. Sijaona kitu kizuri kama kile Oman nzima.

Dereva_Ruwi: Shemeji, mnada huo ni wa asubuhi mapema. Mtu akishuka melini saa mbili, mpaka afike Nizwa mbuzi wameshapakiwa garini.

Binti_Makunduchi: Samahanini. Tunafika saa mbili asubuhi, saa kumi na nusu tuwe tumerudi ndani. Ni Ijumaa kweli. Niko na mume wangu na mama, ana miaka 71, anatembea kwa mkongojo.

Kahawa_Tungu: Dada, Wahiba usiende. Sisi tulikodi gari nje ya bandari kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko ziara ya meli. Njia ni zaidi ya kilomita 200 kwenda tu. Tulipofika Bidiya, mji wa kando ya mchanga, dereva akashuka kupunguza upepo wa matairi yote manne, maana gari haliendi mchangani bila hivyo. Mchanga wenyewe tuliuona dakika arobaini. Wakati wa kurudi matairi lazima yajazwe tena, na mashine ya upepo ilikuwa moja, foleni ndefu. Tairi la nyuma likagoma. Mke wangu alikuwa akitazama saa na machozi yanamtoka. Tumefika ngazini zimebaki dakika tisa. Mpaka leo sijasahau uso wake.

Mzee_wa_Kusi: Pole sana. Lakini wewe ulikodi nje. Ziara ya meli yenyewe ikichelewa, meli inasubiri.

Kahawa_Tungu: Itasubiri, sawa. Na goti la mama likikunjwa garini kwa muda wa saa tano au sita, litasubiri?

Dereva_Ruwi: Na mjini nako Ijumaa kuna mambo yake. Msikiti wa Sultan Qaboos wageni wasio Waislamu hawaingii siku hiyo, kwa hiyo uliza ziara itawapeleka wapi badala yake. Soko la Matrah asubuhi ya Ijumaa maduka mengi yamefungwa. Nyinyi mnaweza kwenda kuswali. Lile zulia la mita 70 kwa 60 liko ukumbi wa wanaume, wanawake wana ukumbi wao.

Shemeji_wa_Nizwa: Basi mama akae ufukweni Matrah atazame majahazi. Atasikia Kiswahili, wazee waliozaliwa Unguja wako wengi. Na anunue halwa ya moto.

Mzee_wa_Kusi: Halwa ya Wete inaishinda hiyo.

Shemeji_wa_Nizwa: Ya Wete tamu, sikatai, lakini huku zafarani na marashi wanatia bila kubana mkono. Umeonja ya Barka?

Mzee_wa_Kusi: Nimeonja. Wete.

Binti_Makunduchi: Nimemsomea mama yote haya. Ya jangwa hata hakuuliza, anauliza ubani. Unaruhusiwa melini?

Dereva_Ruwi: Kufukiza chumbani hapana, moto hawautaki kabisa. Kubeba, waulize wa meli kwanza. Mwambie aulizie hojari, ubani wa Dhofar kusini mwa Oman, ile nyeupe yenye ukijani, na aivunje punje moja ainuse kabla hajalipa.