Mjadala: Mafunjo yarudishwe kwenye midomo ya mito, au majaruba ya mpunga yabaki?

Wadau, kila samaki wakipungua Mwanza, lawama humwangukia mvuvi. Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilichoma makokoro, yaani nyavu za kukokota, na nyavu haramu za timba, na sipingi, maana kokoro huzoa hata vichanga. Ila mazalia tunayalinda lini? Pale Mto Simiyu unapoingia Ziwa Victoria, upande wa Magu, majaruba na bustani vimesogea hadi kwenye maji, vikachukua nafasi ya mafunjo.

Ningu hupanda mto mvua zinapoanza, akataga kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zilimpunguza mapema, ni kweli. Lakini hata tukiziondoa zote, akikuta bonde limelimwa atataga wapi? Kamongo naye hujenga kiota humo humo kwenye mafunjo, dume likilinda. Na sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, alipowamaliza furu wengi, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, baadhi yao walinusurika ndani ya mafunjo kwa sababu maji ya humo yana hewa kidogo, sangara hayawezi. Mafunjo hayo hayo huzuia tope na mbolea visifike ziwani kulisha magugumaji.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka ukingo wa maji, zisifanyiwe shughuli za kibinadamu. Naona hazitoshi kwa mdomo wa mto wenye bonde pana. Msimamo wangu: bonde lenyewe lirudishwe.

*Mkulima, Magu:*
Mwanangu, mita 60 tu zikipimwa, shamba langu lote limekwisha. Mpunga huu ndio unaosomesha wajukuu. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 lilimeza majaruba yangu ya chini, sikuona mtu akija na fidia. Na hizo kuta za zege zilizojengwa ufukweni jijini, mbona hamzisemi?

*Mwanzisha mada:*
Shikamoo mzee wangu. Kuta hizo zipimwe kwanza, kabla ya jaruba lolote. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji ukibeba taka na maji machafu hadi ziwani. Aliyejenga kingoni mwake ana uwezo kuliko wewe. Huko Simiyu tuanzie pale ambapo ziwa limeshachukua mashamba, 2020 na tena 2024. Hapo mpunga umeshashindwa, basi mafunjo yaachwe yaote, na mwenye shamba alipwe. Fedha zitoke kwenye tozo za minofu ya sangara inayouzwa nje, maana viwanda ndivyo vinavyofaidi mazalia. Mafunjo yavunwe kwa zamu kwa ajili ya mikeka na kuezekea, BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo) na wakulima wakipanga pamoja.

*Mama wa mwaloni:*
Hamjasema habari ya mamba na viboko. Sisi tunachota maji na kufua hapo hapo. Mafunjo yakifunga ufukwe, mtoto wangu hataona kilichojificha.

*Mwanzisha mada:*
Dada, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote zilizoandikwa humu, na kulinda ningu hakuwezi kugharimu mtoto wa mtu. Kwa hiyo nabadilisha mpangilio wa pendekezo langu: visima vichimbwe na vitoe maji kwanza, njia za kufika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, zibaki wazi na zifyekwe, ndipo mafunjo yaachwe yaote. Mradi wowote utakaokuja kijijini na vigingi vya mipaka kabla ya visima, mimi nitaupinga pamoja nanyi. Walio Sengerema na Ukerewe, kwenu maji ya kunywa mnayapata wapi?