Tupeane uzoefu: kuchora mitaro ya mtaa kwa simu kabla ya masika

Mwenye uzi: Wakuu, tangu 2015 Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani pale Dar, ilionyesha kuwa wanafunzi wa vyuo na wakazi wanaweza kuingiza mitaro ya kata zinazofurika kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri. Ila mtaro ukishachorwa haujisafishi. Mnapima nini, na taarifa za uchafu mnaziendeshaje?

Futikamba: Upana wa juu, kina hadi sakafu, na unene wa mchanga. Tumia ufito wenye alama kila sm 10, usishuke mtaroni, mna chupa zilizopasuka. Pima kila mita 20 na kila penye kalavati. Mita 50 za mtaro wa upana wa sm 80 wenye mchanga wa sm 30 ni mita za ujazo 12. Gawanya kwa ujazo wa bodi ya tipa ujue ni tripu ngapi. Tipa ipatikane kwanza, ndipo mchimbe. Mchanga ukirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza unarudi mlemle.

Ramani_mkononi: ODK Collect, app ya simu ya kukusanya taarifa, inajaza fomu bila bando, unatuma baadaye. Subiri kosa la GPS lishuke hadi mita 5. Katikati ya kuta na mabati itagoma, sogea penye uwazi. Kwenye OpenStreetMap chora mstari kutoka maji yanakotoka kwenda yanakoelekea, maana uelekeo wa mstari ndio mkondo. Ukigeuza, maji yanapanda mlima! Lebo ya mtaro ni waterway=drain. Kwenye kalavati kata mstari, kipande hicho kipe lebo tunnel=culvert na layer=-1, yaani kinapita chini. Na jamani, taka msizichore. Ramani ile ni ya vitu vinavyodumu. Hali ya leo iwekeni kwenye jedwali.

Admin wa zamu: Hapo kwenye jedwali ndipo wengi wanakwama. Kila kalavati lipigwe namba kwa rangi, na namba hiyohiyo iwe kwenye jedwali. Ripoti ya WhatsApp inakuwa fupi: "K14, nusu imeziba, mdomo wa juu", na picha. Picha ya kawaida ikipita WhatsApp hupoteza taarifa za mahali, labda uitume kama dokumenti. Pini ya mahali nayo ina mtego: mtu anapiga picha asubuhi, anatuma usiku akiwa kwake, kumbe pini inaonyesha sebule yake. Namba ya rangi haidanganyi. Kundi la ripoti liwe peke yake, "asubuhi njema" na maua yake viende kwingine.

Mwenye uzi: Na wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha?

Admin wa zamu: Picha hiyo usiitupe kundini, mkuu. Mpelekee mjumbe. Ugomvi ukianza, majirani wanaacha kuripoti hata K14.