Tausi anafanya nini kwenye picha ya Mt. Yeronimo?

mamaLuka: Wakuu habarini, naangalia picha ya mchoraji Antonello da Messina ya Mt. Yeronimo akisoma, ya mwaka 1475 hivi, iko National Gallery London. Simba namjua, yule wa hadithi aliyetolewa mwiba na mtakatifu huyo, ila tausi pale mbele kizingitini wa nini? Na mbona jicho langu linakimbilia kitabu?

rangi_mbichi: Tausi ni uzima wa milele, zamani waliamini nyama yake haiozi, hata Mt. Augustino kaandika. Beseni pembeni yake wengi husema ni usafi wa moyo.

fundiramani: Kuhusu jicho, fuata mistari ya vigae vya sakafu, yote inakimbilia pale kwenye kifua na mikono ya mtakatifu, kitabu kilipo, alafu joho jekundu linamalizia kazi. Simba kawekwa gizani kulia makusudi asiibe shoo. Na picha yenyewe ni sentimita 46 kwa 36 tu jamani! Mi hapo ndo nachoka kabisa, kanisa zima limeingia humo.

mamaLuka: Duh, asanteni sana, nilidhani ni ya ukuta mzima. Sasa naona na paka kumbe yupo!