Mrejesho: Siku moja Kyoto na rafiki yangu

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza niutembeeje mji wa Kyoto, Japani, kwa siku moja, nikiwa mgeni wa rafiki yangu anayesoma Osaka.

Asanteni sana, hasa mliosisitiza nianze na hekalu la Fushimi Inari alfajiri. Tulifika saa 1 kasoro asubuhi. Hakuna kiingilio, halifungwi, na kituo cha treni cha Inari kiko mbele yake kabisa. Tulipanda mlima wa hekalu chini ya yale malango mekundu yaliyopangwa mfululizo, karibu peke yetu. Ukigeuka nyuma unaona kila nguzo imeandikwa kwa rangi nyeusi jina la aliyeitoa na tarehe. Rafiki yangu alinisomea kadhaa, mwili ukanisisimka.

Kiyomizu-dera, hekalu jingine, nayo tuliiona vizuri, na ile baraza yake ya mbao yenye kimo cha mita 13 hivi.

Kinkaku-ji, lile hekalu la dhahabu, ndiyo tuliikosa. Mlinionya nisiiweke mwisho, nami nikaiweka. Basi lilikwama kwenye foleni, tukakuta geti limeshafungwa. Niliumia kweli. Wanafunga saa 11 jioni, na iko upande mwingine wa mji, kwa hiyo anayepanga safari aiendee kabla ya mchana.