Kuruka baada ya upasuaji wa goti: mchanga wa Shangani, majani au baharini?

Beki_Kushoto: Wakuu, ACL yangu, ile kano ya ndani ya goti, ilikatika uwanjani. Nimepasuliwa Dar, huu ni mwezi wa tano tangu nipasuliwe. Goti linanyooka lote na halivimbi. Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, kaniruhusu kuanza kuruka, miguu miwili tu. Nichague wapi? Mtaani wote wanasema mchanga, eti ni laini.

Mvuvi_Mstaafu: Mchanga upi, kijana wangu? Maji yakijaa Shangani unabakiwa na mteremko mkavu, mguu unazama, kifundo kinayumba, halafu mguu mmoja uko juu na mwingine chini. Subiri yapwe, kule chini ni mgumu na karibu tambarare.

Binti_wa_Lindi: Mie mcheza netiboli, nilianzia baharini. Maji ya kiunoni yanakupunguzia karibu nusu ya uzito. Ya kifuani unabeba kama theluthi tu. Raha tupu. Ila majini hujifunzi kutua, maji yanakupokea, na kutua ndiko kunakokata hizi kano. Nilijiona nimepona. Siku ya kwanza kwenye majani goti likalalia ndani kama mlango uliolegea bawaba.

Beki_Kushoto: Kwa hiyo dada, majani?

Fizio_Kusini: Majani, kama uwanja hauna mashimo. Mchanga unapunguza kishindo, lakini unameza na ule mfyatuko. Mazoezi haya kazi yake ni hiyo: msuli uvutike ghafla, kisha ufyatuke. Mchangani unachoka bure bila kuupata. Ruka, tua kimya, tulia sekunde 2, goti lielekee kidole cha pili cha mguu. Jirekodi kwa simu ukiwa umeielekea, maana mwenyewe hutaliona goti likiingia ndani. Mimi huanzisha watu na kutua mara 40 hivi, mara 2 kwa wiki. Kesho yake goti likijaa, umezidisha. Mguu mmoja ungoje paja lipate nguvu, angalau asilimia 80 ya lile zima.

Winga_Teleza: Mnamtisha bure. Mimi mwezi wa sita baada ya upasuaji nilikuwa kwenye mechi za ndondo, niko fiti.

Fizio_Kusini: Umebahatika, mkuu. Kano iliyopandikizwa inaendelea kujijenga hata kama huumwi. Utafiti wa Delaware na Oslo, 2016, ulikuta kila mwezi mtu anaosubiri kurudi mchezoni, mpaka wa 9, unapunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Baada ya hapo ndipo tunapima kuruka kwa mguu mmoja, ufikie asilimia 90 ya mwenzake.

Beki_Kushoto: Basi majani Jumanne na Ijumaa, Jumapili baharini kujinyoosha. Mzee wangu, maji yatakupwa sana lini?

Mvuvi_Mstaafu: Bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ongeza siku moja mbili. Njoo na ndoo, wenzako watakuwa wanachokoa pweza. Wewe uishie mchangani, miambani kunateleza.