Kipindi cha visiwani kwenye redio yetu hapa Dodoma: wenye visiwa wenyewe wako wapi?

Wakuu, hasira za leo sijui niziweke wapi, acha nizimwage humu.

Kuna redio ya umma hapa mjini, jina sitaji, wasikilizaji wake mnaijua. Kila wiki ina kipindi cha mjadala kuhusu jamii za visiwani. Mimi kwetu Ukerewe, nimeletwa Dodoma na kazi serikali ilipohamia huku, na watu wa visiwani tumejaa mji huu. Nenda Nkuhungu, nenda Kisasa, nenda Nzuguni, humkosi Mkerewe, Mmafia au Mpemba. Nikasema haya, angalau tumepata pa kusemea. Kumbe! Anakuja ofisa mmoja wa hapa hapa, anasoma taarifa yake ukurasa kwa ukurasa, mtangazaji anaitikia "naam, naam", unapigwa wimbo, kwaheri.

Juzi mada ilikuwa usalama wa vivuko. Nikakaa mkao wa kusikiliza. Kivuko cha kwetu Ukerewe, MV Nyerere, kilizama tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika gati ya Bwisya, kisiwani Ukara, kimebeba watu waliotoka guliani Bugolora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni 228. Yaani maiti peke yake ni zaidi ya mara mbili ya watu waliotakiwa kupanda! Sasa wewe una ofisa mbele yako, kipaza sauti unacho, si umuulize leo hii nani anahesabu vichwa kabla kivuko hakijang'oa nanga? Kikizidi uzito, nani ana mamlaka ya kumwambia nahodha usiondoke, na siku ya gulio anaambiwaje mama mwenye mzigo wake wa ndizi abaki ng'ambo hadi kesho? Kikiharibika, cha akiba kiko wapi?

Swali lililoulizwa ni hili: "Mheshimiwa, unawaambia nini wananchi?" Mheshimiwa akawaambia wananchi wavae jaketi okozi. Kipindi kikaisha.

Halafu eti "simu ziko wazi". Kipindi kinaanza saa moja jioni. Mvuvi wa dagaa, mwezi ukiwa giza, saa hizo anasukuma mtumbwi na taa zake kuingia ziwani. Atapiga simu na mkono gani? Na yule mmoja anayebahatika kuingia hewani kutoka kisiwa cha mbali, sauti ikikatikakatika kidogo tu, anaambiwa "msikilizaji, mtandao wako si rafiki, jaribu tena baadaye". Jamani! Mtandao mbovu visiwani ni mada ya kipindi kizima, nyie mnamkatia simu.

Kilichonimaliza ni pale mtangazaji aliposema "ndugu zetu wa Zanzibar kule Mafia". Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, baba. Makao makuu ya mkoa ni Kibaha, na mtu wa Kilindoni, kisiwani Mafia, ili afike huko kwa kawaida huvuka kwanza bahari hadi Nyamisati ndipo atafute gari. (Maji mengi aliyowahi kuyaona huyu kijana labda ni bwawa la Hombolo, na kwa hilo simlaumu.) Ila kosa hili lina madhara. Uvuvi si jambo la Muungano. Shida ya mvuvi wa Mafia au Ukerewe inajibiwa na wizara iliyopo hapa Dodoma, ya mvuvi wa Pemba inajibiwa na serikali ya Zanzibar. Ukivichanganya visiwa vyote kwenye kapu moja, unampa kiongozi mlango wa kutokea: "hilo liko nje ya wizara yangu".

Tena wasituambie visiwa viko mbali. Redio jamii kama ile ya Micheweni, Pemba, inakaa katikati ya wavuvi na wakulima wa mwani, lakini mawaziri iko mbali nao. Redio hii ya kwetu mawaziri inao Mtumba, kwenye mji wa serikali, ni mwendo wa bodaboda. Bunge likikaa, na wabunge wa visiwani wote wako mjini. Kinachokosekana ni sauti ya mwananchi tu, na hiyo haihitaji hata nauli. Mwambie mtu wa Nansio, kule kwetu Ukerewe, arekodi swali lake asubuhi kwenye WhatsApp, akiwa anaanika dagaa, alitume. Jioni mbonyezee waziri alisikie vile vile lilivyo, na kelele za ndege nyuma, halafu mnyamaze ajibu. Asipojibu, wiki inayofuata mnamrushia lile lile.

Nimesikia tangazo lao: wiki ijayo mada ni papa potwe wa Mafia, yule samaki mkubwa kuliko wote. Mgeni studio ni ofisa, anatoka Mtumba.

Mwenye namba ya mhariri wao wa vipindi anitumie PM. Na mods, tafadhali msiuhamishie uzi huu jukwaa la burudani.