Patakatifu pa Wathrakia nchini Bulgaria: niende Perperikon au Beglik Tash?

Mwanasafari aliuliza:

Salaam, ndugu zangu. Mwezi wa Septemba nitakuwa Bulgaria kikazi, na nimebakiwa na siku moja ambayo ningependa kuitumia kuona mahali pamojawapo palipokuwa patakatifu pa Wathrakia, wenyeji wa kale wa nchi ile kabla ya utawala wa Warumi. Nimesoma habari za Perperikon, palipo juu ya kilima karibu na mji wa Kardzhali, na za Beglik Tash, palipo msituni karibu na Primorsko, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Kinachonitatiza ni kwamba katika picha nyingi naona mawe makubwa tu, na sijui nitatofautishaje kazi ya mikono ya watu na kazi ya mvua na upepo. Naomba ushauri wa wanaopafahamu.

Mpenda Magofu alijibu:

Ndugu, kwa hilo linalokutatiza, nenda Perperikon. Mwamba wa kilima kile umechongwa huku na huku: kuna ngazi, vizingiti, mifereji ya maji, makaburi yaliyochimbwa ndani ya jiwe, na kiti ambacho kila mgeni hukalia ili apigwe picha. Usikikimbilie kiti. Inama kwanza kwenye kingo za kuta uangalie matundu ya mraba na mitaro myembamba iliyonyooka, kwa maana humo ndimo zilimoingizwa boriti za kubebea sakafu na paa, na ukishayazoea utaanza kuona vyumba pale ulipodhani pana mwamba mtupu. Mvua haitoboi tundu lenye pembe nne zilizo sawa.

Jambo la kuangalia ni kwamba si kila unachokiona pale ni cha Wathrakia. Watu waliendelea kukitumia kilima hicho hadi Zama za Kati, na mabaki ya makanisa yamo. Vilevile waelekezaji watakuambia, bila kusita hata kidogo, kwamba hapa ndipo palipokuwa hekalu la Dioniso, mungu wa divai, linalosimuliwa na Suetonius, mwandishi wa Kirumi, ambapo Octavius, baba yake Kaisari Augusto, alikwenda kuagua, na divai ilipomwagwa madhabahuni mwali wa moto ukapanda kupita paa, ishara iliyokuwa imewahi kumtokea Aleksanda Mkuu peke yake. Nikolay Ovcharov, mwanaakiolojia aliyeongoza uchimbaji kuanzia mwaka 2000, ndiye mtetezi mkubwa wa dai hilo. Ni dai lenye mvuto, lakini Suetonius hakutaja kilima chochote kwa jina, na Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki anayetaja mahali pa kuagulia pa Dioniso milimani kwa Wathrakia, naye hatoi maelezo ya kutosha kupatambua. Lisikilize kama dhana.

Panda asubuhi na mapema. Njia ni ya kupanda, kivuli ni haba, na jiwe lililosuguliwa na nyayo huteleza likilowa.

Baharia wa Nchi Kavu alijibu:

Naomba kutofautiana kidogo na Mpenda Magofu. Swali la mikono ya watu au mvua haliwezi kujibiwa kwa kuchagua upande mmoja, na Beglik Tash panalionyesha hilo vizuri zaidi. Miamba ile imepasuka na kuviringika kwa nguvu za asili. Walichofanya Wathrakia ni kuichagua, kisha kuchonga juu yake mabeseni ya duara na vijia vya kupitishia kimiminika, yaelekea kwa ajili ya sadaka za kumiminwa. Ukisimama mbele ya jiwe, fuata kijia kwa kidole: kama kinaunganisha beseni moja na lingine, hapo pana kusudi.

Majina kama kitanda cha ndoa au saa ya jua yametolewa na watu wa leo, kwa hiyo usiyajengee nadharia. Eneo hilo lilikuwa limefungwa kwa umma wakati wa utawala wa kikomunisti, kwa kuwa lilipakana na makazi ya viongozi, na uchimbaji ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu. Kama utalala Burgas, mji wa pwani hiyo hiyo, ni safari ya kiasi cha kilomita 50. Kama utakuwa Sofia, mji mkuu, Primorsko na Kardzhali zote ziko mbali, na Kardzhali iko zaidi ya kilomita 250.

Mwanasafari aliandika:

Ahsanteni sana. Nitalala Plovdiv, kwa hiyo Kardzhali ndiyo iliyo karibu. Je, kuna la kuongeza huko baada ya Perperikon?

Mzee wa Ramani alijibu:

Nenda Tatul, mashariki ya mji wa Momchilgrad, katika eneo hilo la Kardzhali. Ni mwamba mmoja uliochongwa kama piramidi iliyokatwa kilele, wenye kaburi juu kabisa na lingine ubavuni. Wapo wanaolihusisha na Orfeo, mwimbaji wa hadithi za kale za Wagiriki. Mimi silihusishi na mtu, bali natazama jinsi kaburi la juu lilivyoachwa wazi kuelekea mbingu, jambo lisilo la kawaida kwa mazishi. Fika alasiri, jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa ubavuni huzifanya alama za michongo zionekane, ilhali adhuhuri zinapotea kabisa.

Kodi gari Plovdiv, maana kutegemea basi kutakula siku yako. Malipo ni kwa euro tangu Januari 1, 2026. Ukibakiwa na muda, jumba la makumbusho la Kardzhali lina vitu vilivyochimbuliwa Perperikon, na jengo lenyewe lilijengwa liwe madrasa.